Meza Isiyo na Nzi

Mama Cibalonza aliuza sambaza, wale samaki wadogo kama kidole, pale soko la Kituku kando ya ziwa, tangu binti yake Aksanti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Watu walimjua kwa mambo mawili. Beseni lake halikuwa na ujanja: samaki wa juu ndio wale wale wa chini. Na kila mutu aliyefika mezani kwake alitegewa kitendawili. Aliyekifungua aliongezewa konzi moja ya samaki. Aliyeshindwa aliongezewa pia, ila baada ya kuchekwa.

"Kitendawili."

"Tega."

"Alifuata taa, akakuta mafuta."

Wenyeji walijibu bila kufikiri kuwa ni sambaza. Nani hajui kwamba wavuvi wanawasha taa katikati ya ziwa, samaki wanakimbilia ile nuru mpaka wavuni, na kesho yake wanalia ndani ya kikaango? Basi mama aliwaletea kigumu. "Nalala juu ya moto usiku na mchana, na chungu changu hakiivi." Hapo hata wenyeji walijikuna kichwa, mpaka awaelekeze kwa kidevu ule mlima unaotoa moshi nyuma ya mji, awaambie jibu ni mutu wa Goma.

Asubuhi moja ya kiangazi, mteja wake wa zamani kutoka mtaa wa Ndosho alisimama mbele ya meza, mfuko wazi mkononi, na hakunyoosha mkono. Aliangalia samaki. Kisha akaangalia hewa iliyo juu ya samaki.

"Mama, nzi zako ziko wapi leo?"

Mama Cibalonza akacheka. "Hicho unanitegea miye? Ngoja nifikiri."

"Sitegi kitu. Ninauliza."

Kicheko kikamkaukia mdomoni. Aliinamia beseni. Sambaza walikuwa wamelala waking'aa kama vijiko vipya, macho meupe safi, harufu ya ziwa tu. Na nzi hata mmoja hakuna. Akageuka kuangalia meza za wenzake kule mwisho wa mstari: mama mmoja alikuwa anapepea kwa kipande cha karatoni, kulia, kushoto, mpaka mkono unachoka. Kwake hakukuwa na cha kupepea.

Sasa, kila mama anayenunua samaki katika mji huu amefundishwa jambo hili na mama yake: samaki ambaye nzi anamkataa, umukatae na weye. Nzi hana adabu, lakini hana uongo. Akimruka samaki, ujue samaki amewekwa dawa, ile formoli ambayo wanaweka maiti isioze.

Yule wa Ndosho alifunga mfuko wake polepole. Na pale pembeni, mama Apolline, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye meza inayogusana na ile ya mama Cibalonza, akasema kwa sauti ya mutu anayejisemea peke yake, lakini wote wasikie:

"Si binti yake anatumika kule kwenye samaki za chupa?"

Hapo neno lilipata miguu.

Maana ni kweli, Aksanti alitumika kule, ndiko kazi yake ilikokuwa. Kituo cha Ziwa kiko mbele kidogo ya Kituku, nyumba ndefu ya mawe meusi ya volkano, na watu wa pale kazi yao ni kusoma ziwa: maji yana joto gani kule chini, sambaza anakula nini, anataga mwezi gani. Kila alfajiri mtumbwi wa Kituo unarudi na samaki. Wengine wanapimwa, wengine wanapasuliwa tumbo, wachache wanatiwa ndani ya chupa za formoli na kupangwa kwenye etajeri, zile rafu za ukutani. Wanaobaki, ambao ni wengi, wanauziwa mama wa Kituku. Na tangu Pasaka, Aksanti alikuwa amempangia mama yake beseni moja la hao wanaobaki. Mama alijivuna nalo. Alikuwa anamwambia kila mutu, "Hizi zinatoka kwa mutoto wangu."

Sasa maneno yale yale ya kujivuna yalimrudia kama shitaka.

Siku ile aliuza nusu. Kesho yake aliuza kidogo zaidi. Nzi hawakuja. Watu walikuja, lakini walikuja kuangalia. Walisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama watu wanaopita kwenye msiba wa mutu wasiyemjua. Mama mmoja aliuliza kama kweli watoto waliokula sambaza zile tumbo linawauma. Mwingine alisema kwake mutoto ameharisha. Tangu vita iingie mjini, mutu wa Goma amezoea kuuliza kila kitu kinatoka wapi, nani amekileta, na kwa nini kimeletwa leo.

Kwanza mama Cibalonza alimshuku Apolline. Alijiambia yule anatafuta nafasi, anataka kusogeza meza yake ya makayabu mpaka katikati. Alimwangalia kwa jicho la pembeni siku nzima, akaona jinsi anavyokaa karibu sana na meza yake, magunia yamejaa miguuni, hata kwenda kunywa chai haendi. Akasema moyoni: huyu ananilinda nisiseme na wateja.

Lakini shuku ni kama mgeni asiyejua kuaga. Jioni alimfuata mpaka Katoyi, nyumbani, akakaa naye mezani. Mama Cibalonza alimwangalia binti yake akivua viatu na kutundika koti jeupe la labo nyuma ya mlango. Koti lilikuwa na harufu kali inayouma pua. Lilikuwa nayo siku zote. Mbona leo ndiyo inamuuma?

"Umeshinda vizuri, mama?"

"Vizuri. Na weye, kule kwenu samaki zilikuwa nyingi?"

"Kawaida."

"Zile za kwangu, nani anazichagua?"

"Miye. Juu ya nini?"

"Nauliza tu."

Alipika sambaza makusudi. Akapakua, akamsogezea. Aksanti alichukua bugali, akachovya kwenye sombe, majani ya muhogo, akala, akashiba. Samaki hakuwagusa. Mama akahesabu nyuma, jana, juzi, wiki iliyopita. Ni lini alimwona huyu mutoto akiweka sambaza mdomoni? Hakukumbuka.

Angemuuliza. Mutoto ni wake, amemzaa, amemlipia masomo kwa sambaza hizo hizo. Lakini utamwambiaje mutoto wako usoni: unanipa sumu niwauzie watu? Neno kama hilo likishatoka halina mahali pa kurudi. Na zaidi ya hilo, aliogopa jibu. Kama ni ndiyo, basi mikono iliyogawa ile sumu Kituku nzima ilikuwa mikono yake. Aliondoka mezani, akaosha vyombo. Usiku ule hakula.

Siku ya tatu alifunika beseni lake mapema, akanunua chane ya ndizi, akaenda Kituo akijifanya amekuja kusalimia.

Alifika saa ya chakula. Kituo kina desturi yake: samaki wachache kati ya wale wanaobaki wanakaangwa, na wote wanakaa barazani kwenye sinia moja kubwa, kuanzia shefu, mkubwa wa Kituo, mpaka mulinzi wa mlango. Shefu mwenyewe, muzee Mirindi, mwanaume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyeanzisha hiyo desturi. Alipenda kusema kwamba mutu asiyekula anachokisoma hakijui bado.

"Karibu, mama Aksanti," akasema muzee Mirindi, akamsogezea kiti. "Leo umetukumbuka."

"Nimekumbuka sinia yenu."

Wakacheka. Darius, anayeendesha mtumbwi wa Kituo, akamnawisha mikono. Mama akachukua tonge, akala sambaza mmoja pembeni ya ulimi, kama mutu anayepima chumvi. Alikuwa mtamu. Wote walikuwa wanakula, tena kwa mikono miwili. Roho yake ikaanza kutulia. Kisha akamtafuta Aksanti. Aksanti alikaa upande wa pili wa sinia, anachovya bugali kwenye mboga. Samaki anawaruka. Mkono wake unapita juu yao kama vile nzi walivyowapita kule Kituku.

Darius akamtania. "Mama, huyu binti yako tunamlisha majani kama sungura. Samaki hataki."

"Hataki tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu aje hapa."

Aksanti akainua mabega, akaendelea kula.

Mama Cibalonza aliweka tonge chini. Alitaka kuuliza na hakujua aulize vipi mbele za watu. Basi akafanya kile alichokuwa amefanya maisha yake yote neno likiwa zito: alilifunga ndani ya kitendawili. Chakula kilipokwisha, na Aksanti ameingia labo, alimgeukia muzee Mirindi.

"Shefu, kitendawili."

"Tega, mama, tega. Nimesoma sana, siwezi kushindwa."

"Mutoto wangu alilala ndani ya chupa, hakufa maji. Siku aliyoamka, akaenda soko. Ni nani?"

Muzee Mirindi alitabasamu. Akafikiri. Akasema, "Pombe?" Mama akatikisa kichwa. Akafikiri tena, na tabasamu likaondoka usoni kidogo kidogo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Mama Aksanti," akasema kwa sauti ya chini, "asante."

Mama alingoja amjibu: hapana, hilo haliwezekani, chupa zetu zinafungwa hivi na hivi, nenda ulale. Hicho ndicho alichokuja kutafuta. Lakini shefu aliinuka, akaingia ndani, akamwacha na Darius na ndizi. Ndipo alipoelewa, na ulikuwa ni muda mbaya wa kuelewa. Yeye alikuwa ameuliza. Muzee alisikia ameambiwa. Na nani angemlaumu? Mama mzazi anapokuja mwenyewe kwa miguu yake kusema neno kama lile, nani hatamwamini?

Alisimama amfuate. Mlangoni mulinzi akamwambia kwa heshima kwamba shefu ameomba asisumbuliwe.

Aksanti alirudi nyumbani kabla ya saa yake. Hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule na koti lake limekunjwa chini ya kwapa.

"Wamenitoa funguo. Mbele ya Darius na wote. Shefu amesema nikae nyumbani mpaka waangalie chupa moja moja." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma. "Nikamuuliza, nani amekuambia? Akasema, mama yako mwenyewe."

"Sikumwambia. Nilimuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Mama akasema kile kitendawili. Ndani ya nyumba ile kilionekana kidogo na kichafu.

"Kwa hiyo ulikuwa umeniwazia hivyo," Aksanti akasema. "Nikupe samaki za maiti, uwauzie watu, na miye nirudi hapa nilale."

"Nzi hazikai, Aksanti. Na weye samaki huli."

"Mama, ninapasua matumbo mia kwa siku. Ninatoa mayai, ninatoa uchafu, mikono inanuka mpaka kitandani. Ungekula? Ungeniuliza, ningekuambia. Ni neno moja."

Aksanti akakaa kwenye kiti, akatazama sakafu. Kisha akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kazini.

"Hizo nzi. Hazikai kwako peke yako, ama mstari mzima?"

"Kwangu. Kule mwisho zimejaa."

"Na kwa wale wanaopakana na weye?"

"Upande huu ni njia. Upande ule ni Apolline, na makayabu zake. Nzi haikai kwenye chumvi."

"Umeangalia?"

Mama akafungua mdomo aseme ndiyo, akaufunga. Hakuwa ameangalia. Alikuwa amemwangalia Apolline, si meza yake.

Asubuhi Aksanti alikwenda Kituku na mama yake. Alikuwa ametuma ujumbe kwa muzee Mirindi kumwomba afike, na muzee alifika kweli, kwa moto, pikipiki yake, akasimama kando ya mitumbwi bila kuwasalimia sana. Aksanti alinunua sambaza kwa mvuvi wa kawaida, si wa Kituo, machoni pa wote. Akawagawa kwenye sahani ndogo za aina moja. Sahani moja akaiweka kwenye meza ya mama yake. Nyingine akaiweka hatua chache mbele, nyingine mbali zaidi, na ya mwisho kule mwisho wa mstari. Akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Tunafanya nini?" akauliza mama mmoja.

"Tunangoja nzi."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Wengine waliacha biashara. Walingoja kama wanaongoja mpira uingie golini. Nzi walifika kwenye sahani ya mwisho, wakajaa. Walifika kwenye ile ya kabla yake, si wengi. Kwenye ile ya hatua chache alikaa mmoja, akajifuta miguu, akaondoka. Kwenye meza ya mama Cibalonza, samaki wale wale, mvuvi yule yule, alfajiri ile ile, hakuna.

"Basi ni meza yake iliyotiwa dawa," akasema mutu nyuma.

"Ama kuna kitu kinachoziita," Aksanti akasema. "Sisi wote tumeuliza ni nini kinazifukuza nzi. Hatujauliza zimekwenda kwa nani."

Wote walinyamaza, na katika kimya kile wakaisikia. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama redio iliyopoteza stesheni. Ilitoka miguuni mwa mama Apolline.

Mama Apolline hakukimbia wala hakutukana. Alikuwa mwanamke mnene, mpole kwa kawaida, na sasa uso wake ulikuwa umelowa jasho. Mwenyewe aliinama, akavuta gunia moja pembeni. Wingu jeusi likainuka na harufu nyuma yake, mpaka waliokuwa karibu wakaziba pua. Chini ya meza kulikuwa na karatoni za makayabu zilizoharibika, nyama imekuwa laini na ya kijani, na kwa siku zote hizo watu walidhani ni harufu ya kawaida ya makayabu.

"Mvua isiyo ya majira yake ilizikuta njiani kutoka Butembo," akasema. "Ndiyo mali yangu yote. Nilifikiri zitakauka. Nilikuwa nazianika jioni mukishaondoka." Akamwangalia mama Cibalonza. "Siku ile walipouliza nzi, niliogopa wataangalia kwangu. Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni."

Watu walianza kupiga kelele. Mmoja alisema zitupwe ziwani, mwingine akasema Apolline naye atupwe. Mama Cibalonza aliwaangalia, nyuso zile zile zilizosimama mbele ya beseni lake mikono nyuma. Yule wa Ndosho alikuwamo, na sasa ndiye anayesema kwa nguvu kuliko wote.

"Zichimbiwe shimo," mama Cibalonza akasema. "Ziwani hapana, tunachota maji pale. Na muniache nimsaidie, mimi ndiye jirani."

Alipogeuka, muzee Mirindi alikuwa anaongea na Aksanti kando ya mtumbwi. Alitoa funguo mfukoni, akampa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo kama mutu anayeomba radhi. Aksanti akazipokea. Mama aliona jinsi alivyozipitisha kwenye vidole, moja, nyingine, nyingine, akasimama.

"Ya chumba cha dawa haimo," Aksanti akasema.

"Nitakaa nayo miye kwa sasa," muzee akajibu. "Si kwa sababu yako. Kwa utaratibu."

"Sawa, shefu."

Mama Cibalonza aliwafikia akiwa na udongo mikononi. "Shefu, mimi niliuliza tu. Sikuwa na jambo. Mutoto wangu hana kosa."

"Nimeelewa, mama Aksanti. Nimeona kwa macho yangu." Akatabasamu vizuri, akapanda moto, akaondoka. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, kwenye ule ufunguo.

Mchana ule mama aliuza beseni zima. Watu walinunua kwa aibu, wengine bila kuuliza kipimo. Hakumtega yeyote. Wateja wawili walisimama wakingoja, akawapa konzi ya nyongeza na kuwaambia waende.

Aksanti alikuja jioni kumsaidia kubeba. Walipanda kuelekea Katoyi, beseni katikati yao, kila mmoja ameshika sikio moja la beseni. Barabara ilikuwa na vumbi na moto za abiria. Walipofika penye mawe makubwa, mama akasimama, na beseni likasimama naye.

"Aksanti."

"Mama."

"Umewahi kunipa samaki ya chupa?"

Binti alimwangalia. Jambo lilikuwa limekwisha, Kituku nzima ilikuwa inalijua, hata wavuvi. Mama naye alikuwa anajua. Lakini alisimama pale na swali lake waziwazi, halina kifuniko, anangoja kama mutu anayengoja kuhukumiwa.

"Hapana, mama," Aksanti akasema. "Sijawahi."

"Na ule ufunguo, watakurudishia?"

"Sijui."

Mama akaitika kwa kichwa. Akashika beseni upya kwa mkono mwingine, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umechoka, wakaendelea kupanda.